Bega la kipa wetu

Najua nimepotea, mambo ya pepa na bumu kuchelewa, mnaelewa wenyewe. Leo siandiki habari za foleni ya kafteria. Naandika habari za bega.

Jumamosi mshikaji wangu wa chumba, ambaye ndiye kipa wetu, aliruka kudaka krosi akatua vibaya, bega likateguka. Mara ya tatu hiyo! Nikaushika mkono wake nataka kuuvuta, kocha akanipigia kelele: "Acha! Utamharibu mishipa!" Usiku, daktari akiwa ameshalirudisha, jamaa akaniuliza: "Kaka, kwa nini linatoka kila mara?" Sikuwa na jibu. Mimi huyu nasomea ualimu wa elimu ya michezo! Nikaona aibu, Jumapili nikaenda kubukua.

Kumbe swali lake ni la kale. Maandishi ya Wagiriki yanayobeba jina la Hippocrates, aliyezaliwa mnamo 460 kabla ya Kristo, yanaeleza jinsi ya kurudisha bega: mgonjwa analala chali, tabibu anaweka kisigino kwapani kwake na kuvuta mkono. Na kwa bega linalotoka mara kwa mara? Walichoma ngozi ya kwapa kwa chuma cha moto, ili kovu likaze na kuziba njia. Yaani walishaona kuwa kuna mahali palipolegea, ila kilichoharibika ndani hawakukijua.

Sasa tuliangalie bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, nacho kinakaa kwenye kishimo kifupi cha kombe la bega. Chukua chungwa uliweke juu ya kisosi, ndivyo lilivyo. Nyonga ina shimo refu, ndiyo maana haitoki ovyo, lakini huwezi kuzungusha mguu kama unavyozungusha mkono. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni ukingo wa gegedu unaozunguka kisosi, kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, na misuli inayokaza pande zote.

Jibu la mshikaji wangu lilipatikana London. Mwaka 1923 daktari wa upasuaji Bankart aliandika kwamba kwenye mabega yanayotoka kila mara, ukingo ule pamoja na kano zake umebanduka upande wa mbele. Mara nyingi ukibanduka haujishiki tena vizuri wenyewe. Unarudisha mfupa, lakini mlango umebaki wazi! Yeye akaushona mahali pake, na upasuaji wa namna hiyo bado unafanyika, siku hizi mara nyingi kwa vitundu vidogo na kamera.

Lakini bega si chungwa na kisosi tu. Mwaka 1934 Codman wa Boston alitoa kitabu kizima kuhusu bega, akaonyesha kuwa mkono na kombe la bega huenda pamoja kwa mdundo mmoja. Mwaka 1944 Inman, Saunders na Abbott wa California wakapima: mkono ukipanda hadi digrii 180, kama 120 zinatoka kwenye chungwa na kisosi, na 60 kwenye kombe linaloteleza juu ya mbavu. Hata pini walichomeka kwenye mtulinga wa mtu aliye hai, waone unavyozunguka mkono ukipanda. Mtulinga ndio daraja pekee la mfupa kati ya mkono na kifua. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kuwa hesabu hiyo hutofautiana mtu na mtu, ila mdundo upo.

Jaribu mwenyewe: weka kiganja kwenye kombe la bega la rafiki yako, mwambie anyanyue mkono polepole. Utalisikia linavyotembea.

Jana nilimwelezea kipa kwa chungwa na kisosi cha chai. Akakaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo nikiendelea kuruka, nabandua zaidi?" Nikamwambia ndiyo, inawezekana. Mazoezi ya ualimu yanakaribia na ubao unaandikwa mkono ukiwa juu. Wiki hii anarudi hospitali, si kurudishwa bega bali kuangaliwa ukingo. Glavu zake amenipa mimi nizitunze.

Haya wadau, mkiona bega limeteguka msivute. Tuonane wiki ijayo, bumu likitoka!