Harufu ya Sandukuni

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, vidonge vyeupe vya naftalini huuzwa vikiwa vimefungwa kwenye vipakiti vinavyong'aa kama pipi. Wanunuzi huvitia kabatini, chooni na kwenye sanduku la nguo, ili nyumba inukie usafi.

Pwani yetu imejua manukato ya nyumba kwa muda mrefu. Kitabu cha wafanyabiashara wa Kigiriki cha karne ya 1 kilishautaja ubani wa pwani ya Wasomali. Udi uliletwa na majahazi ya kaskazi, na karne ya 19 Unguja na Pemba zikajaa mikarafuu. Lakini manukato hayo yalikuwa na saa zake: mgeni anapofika, harusi inapoingia, maiti anapooshwa. Chetezo kikishazimika, moshi nao hutoka. Usipofungua dirisha hata moshi wa udi huumiza kifua, kwani moshi ni moshi.

Naftalini ina asili nyingine. Ilitoka kwenye lami ya makaa ya mawe, taka iliyobaki Uingereza ilipotengeneza gesi ya taa. Mwaka 1821 John Kidd aliieleza na kuipa jina. Kidonge hakiyeyuki, hugeuka mvuke polepole, usiku na mchana, na mvuke huo ndio unaoua nondo. Hakina saa ya kuzimika.

Kariakoo ilipata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye zikaenea nyumba za Kiswahili, zenye vyumba vilivyotazamana kwenye ukumbi mmoja. Familia ikiishi chumba kimoja, sanduku la nguo hukaa hatua mbili tu kutoka kitanda cha mtoto.

Hapo ndipo pana hatari. Katika nchi zenye malaria, watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kwa sababu upungufu huo huwakinga kiasi na malaria kali. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akifungwa kwa nguo zilizolala na naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kupasuka. Macho na ngozi hugeuka manjano, na manjano ikizidi hufika kwenye ubongo. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pia naftalini katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Mama yangu alitunza nguo zetu za utotoni ndani ya sanduku lenye vidonge hivyo. Alikuwa akizitunza kwa upendo, ili wajukuu wazivae. Zilipofika zamu yao, nikavitupa vidonge, nikazifua nguo mara mbili, nikazianika juani siku tatu. Sandukuni nikaweka karafuu kidogo ndani ya kitambaa, na nguo za mtoto nikazitenga.

Mama alichukua kijishati, akakinusa.

"Mbona hakinukii kitu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Kimetakata."