Kifuko, si lengelenge

Kyela, nchi ya mpunga, kakao na michikichi, mwenye goti lililovimba haridhiki kupakwa dawa, hutaka achuliwe. Kupaka na kuchua si pacha. Kupaka ni kuiweka dawa juu ya ngozi, kuchua ni kuisugua ili iingie.

Kuingia huko ndiko kunakowasumbua watafiti wa kurkumini, kiambato cha binzari manjano kinachopunguza uvimbe. Hakiyeyuki vizuri majini, na tabaka la nje la ngozi hukizuia. Hivyo hukifungia kwenye liposomu, vifuko visivyoonekana kwa macho, vyenye kuta za mafuta na maji ndani, alivyovieleza Mwingereza Alec Bangham miaka ya 1960. Kisha huvichanganya kwenye jeli.

Mtafsiri mwenye haraka ataviita malengelenge, maana Kiingereza huweza kutumia neno moja kwa vyote viwili. Hapana! Lengelenge ni la aliyeungua. Mgonjwa wa Matema, huko huko Kyela, akilisoma kwenye kopo, ataogopa dawa. Wala jeli si marhamu: marhamu msingi wake mafuta, jeli kwa kawaida ni maji yaliyofanywa mazito.

Watafsiri wa maelezo ya dawa, tafadhali, andikeni kifuko.