Upimaji wa ishara za neva katika sklerosisi ya sehemu nyingi

Upimaji wa ishara za neva ni njia ya kitabibu ya kujua muda ambao ishara, ikiamshwa katika jicho, sikio au kiungo, huchukua hadi kuwasili kwenye ubongo. Katika maradhi ya sklerosisi ya sehemu nyingi, ambayo Jean-Martin Charcot aliyabainisha mjini Paris mwaka 1868, kinga ya mwili huishambulia mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva. Na kwa kuwa utando huo ndio uiharakishao ishara, ukiharibika ishara hukawia.

Kipimo mashuhuri ni cha macho. Mgonjwa, jicho moja likiwa limezibwa, hutazama skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana rangi, na elektrodi zilizobandikwa kisogoni hunasa wimbi ambalo kwa mwenye afya hutokea baada ya milisekunde 100 hivi. Mwaka 1972 Halliday, McDonald na Mushin wa London walidhihirisha kwamba wimbi hilo huchelewa kwa waliopatwa na uvimbe wa neva ya jicho, na aghalabu hubaki hivyo hata nuru ya macho ikisharejea.

Faida yake adhimu ni kufichua jeraha ambalo mgonjwa mwenyewe halihisi. Walakini, kwa kuwa maradhi mengine nayo huleta ucheleweshaji kama huo, tabibu hulinganisha matokeo na picha za MRI, maji ya uti wa mgongo na historia ya mgonjwa. Kipimo kikirudiwa baada ya muda, husaidia kutambua mwendo wa maradhi.