Saa tano angani bila injini

MAJIRA ya joto yanapowadia Uingereza, wanachama wa London Gliding Club, chama kilichoasisiwa mwaka 1930 na chenye uwanja chini ya vilima vya Dunstable, hupata fursa bora ya kuwania nishani za urushaji wa ndege zisizo na injini.

Ndege hiyo hupandishwa kwa winchi au huvutwa kwa kamba na ndege yenye injini, kisha huachiwa. Kuanzia hapo rubani hutegemea hewa iliyopashwa joto na ardhi, ambayo hupanda juu. Huzunguka ndani yake kama afanyavyo mwewe.

Nishani ya fedha, itambuliwayo na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Angani (FAI), hudai mambo matatu: kukaa angani saa tano, kusafiri kilomita 50 na kupanda mita 1,000. Ya dhahabu hudai saa hizo hizo, kilomita 300 na mita 3,000.

Hata hivyo, hewa ikipoa kabla ya safari kukamilika, rubani hulazimika kutua katika shamba la mkulima. Mwezi Julai nafaka nyingi zingali zimesimama, hivyo mashamba salama ni machache. Baada ya mavuno nafasi huongezeka. Sharti achague shamba mapema, angali na kimo cha kutosha. Wenzake humfuata kwa gari na trela.

Aliyekosa nishani siku hiyo aweza kuiwania tena. Aliyechelewa kuchagua shamba huenda asiipate nafasi hiyo.