Kufika Dakar kwa Nyigu

Mvua ilitukuta mimi na jamaa wangu wa boda nje kidogo ya Kimilili. Tukakimbilia kibaraza cha duka la mbolea, tukabanana na watu wengine sita na nduthi zao tatu. Mvua ya huko ikishaanza huwa haina haraka ya kuisha, kwa hivyo kila mtu akatoa simu. Mimi nilikuwa na picha niliyoihifadhi siku nyingi: skuta aina ya Vespa yenye namba ya mashindano, imesimama mchangani, na nyuma yake hakuna kitu ila jangwa. Nikamwonyesha.

"Hii si ile ya padri?" akauliza.

"Hii ilitoka Paris ikaenda Dakar. Mwaka wa 1980."

"Dakar ya Senegal?"

"Hiyo hiyo. Kama kilomita elfu kumi."

"Kwa siku ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Alinyamaza, akaitazama nduthi yake ikichirizika maji. Kisha akaanza kupiga hesabu kwa sauti. Kwa siku yeye hufanya karibu kilomita mia moja na ishirini, siku mbaya mia. Hapumziki ila Jumapili. "Mwalimu," akasema, "basi mimi kila baada ya miezi mitatu nafika Dakar. Na sijawahi kupewa hata kikombe."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi, na tangu siku hiyo siwezi kusoma historia ya safari hizi bila kumsikia.

Historia yenyewe ilianza kabla ya Vespa kuwepo. Mwaka wa 1913, huko Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, waendesha pikipiki walikusanyika kwa mashindano ya siku sita. Siku hizo pikipiki ilikuwa bado inatiliwa shaka. Wengi waliiona kama mchezo wa vijana wenye pesa, kitu cha kukuacha kando ya barabara mikono imejaa grisi. Watengenezaji walitaka kuonyesha kwamba inaweza kutegemewa, na ndiyo sababu kilichopimwa hakikuwa kasi. Utaratibu uliokuja kuzoeleka ulikuwa huu: unapewa ratiba ya kufika kwenye vituo vya ukaguzi, na ukichelewa unakatwa alama. Kitu kikivunjika unakitengeneza wewe mwenyewe, kwa spana ulizobeba wewe mwenyewe. Tena medali ya dhahabu haikuwa ya mtu mmoja aliyewashinda wengine. Kila aliyetimiza kiwango kwa siku zote sita alipata ya kwake. Watu kumi wangeweza kurudi nyumbani na dhahabu kumi, na hakuna hata mmoja angempunguzia mwenzake.

Vespa iliingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilikuwa cha ndege, na Vita vya Pili vya Dunia vilikiacha magofu. Vita vilipoisha, Enrico Piaggio alikuwa na wafanyakazi wa kutafutiwa kazi, katika nchi ya barabara mbovu na watu wasioweza kununua gari. Akamgeukia mhandisi Corradino D'Ascanio, mtu wa helikopta ambaye hakupenda pikipiki hata kidogo. Kwake pikipiki ilikuwa chafu, cheni inakupaka oili, na panchari ni adhabu. Basi akaunda kitu kisicho na kasoro hizo. Cheni hakuna. Injini imefunikwa. Giya iko mkononi. Mahali pa kuweka miguu ni bapa, hata mwenye sketi au kanzu apande bila taabu. Gurudumu limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege, ili kulitoa kuwe rahisi. Hati ya ubunifu huo iliwasilishwa tarehe 23 Aprili 1946. Injini ya kwanza ilikuwa ya cc 98. Vespa ni neno la Kiitaliano la nyigu, na ukiitazama kiunoni unaelewa.

Hiki kilikuwa chombo cha mjini, cha kwenda kazini, sokoni na misani. Kwa hivyo mwaka wa 1951, Mashindano ya Siku Sita yalipofanyika Varese, kaskazini mwa Italia, Piaggio kupeleka timu ya Vespa kumi za cc 125 huko milimani ilikuwa kama kumtuma karani wa benki akalime shamba la mawe. Karani alilima. Timu hiyo ilirudi na medali tisa za dhahabu.

Ushindi kama ule watu hupenda kuueleza kwa chuma: injini nzuri, fremu imara. Chuma kilikuwa na mchango wake. Lakini mimi huiangalia ile idadi. Mashine moja ikifika, unaweza kusema ni bahati. Zikifika tisa kati ya kumi, hapo kuna desturi ya kazi: mkono uliotulia kwenye gesi, sikio linalosikia kasoro kabla haijawa ajali, na watu waliokubaliana mwendo. Injini ndogo inakulazimisha kuwa hivyo. Mwenye injini kubwa akipoteza dakika tano matopeni ataziokota kwenye barabara iliyonyooka. Mwenye cc 125 hana pa kuziokota. Alichonacho ni kutozipoteza tangu mwanzo.

Miaka ishirini na tisa baadaye jaribio likahamia kwetu, yaani barani Afrika. Thierry Sabine, Mfaransa aliyepotea jangwani na pikipiki yake kwenye mashindano ya mwaka wa 1977 akanusurika, alikuwa ameanzisha mbio za kutoka Paris hadi Dakar. Za kwanza ziliondoka tarehe 26 Desemba 1978. Za pili ziliondoka siku ya Mwaka Mpya wa 1980, zikavuka bahari, zikapita Algeria na Mali, zikaishia pwani ya Senegal tarehe 23 Januari. Mara zote mbili pikipiki ya kwanza kufika ilikuwa ya Cyril Neveu, Yamaha XT500, mashine ya cc 499 yenye gurudumu la mbele la inchi 21.

Kwenye mbio hizo za pili Jean-François Piot, dereva wa rali, alipeleka kikosi cha Vespa nne aina ya P200E. Injini cc 198, nguvu za farasi takriban 12, magurudumu ya inchi 10. Nieleze maana ya inchi 10 kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha kwenye mchanga. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo, dogo huingia ndani yake. Mchangani unahitaji kasi ili uelee juu, na kasi inahitaji nguvu. Ukikosa vyote viwili unazama, unashuka, unasukuma, unapanda, na baada ya mita mia mbili unazama tena. Henri Pescarolo, aliyekuwa tayari ameshinda Saa 24 za Le Mans mara tatu, alikuwa huko akiwasaidia. Fikiria bingwa wa magari ya kasi akiwa na kazi ya kusubiri skuta.

Skuta mbili kati ya zile nne, ya Simonot na ya Tcherniawsky, zilifika Dakar.

Habari hii husimuliwa kama kichekesho kizuri, na kweli inachekesha. Lakini jamaa yangu pale kibarazani hakuiona hivyo, na alikuwa na haki. Njia ile haikupita mahali patupu. Bamako ya wakati ule ilikuwa na watu waliozoea vipikipiki vya Kifaransa vya Mobylette, vidogo kuliko hata hizo Vespa, wakibebea watoto, kuku na magunia. Kwa mgeni, kuvuka nchi ile kwa chombo kidogo kulikuwa ushujaa wa kuandikwa magazetini. Kwa mwenyeji ilikuwa Jumanne.

Picha ile na nduthi iliyokuwa ikilowa mbele yetu zina undugu kuliko unavyoonekana. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilikuwa ikitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio. Leseni iliisha mwaka wa 1971, na mwaka uliofuata Bajaj ikatoa skuta yake yenyewe, Chetak, ambayo ukiiona utajua mama yake ni nani. Kampuni hiyo hiyo ndiyo baadaye ilitengeneza Boxer, ambayo leo huwezi kusimama kwenye steji yoyote Magharibi usiione. Kwa hivyo D'Ascanio yuko kwenye ukoo, ingawa angeiona ile cheni angesikitika.

Neno boda lenyewe ni la Busia, mpakani, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Kisha mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na baiskeli zikaanza kupisha njia. Tazama mstari ulipochorwa. Vespa zilizofika Dakar, kwa cc zao 198, zingeingia kwenye msamaha huo na nafasi ikabaki.

Kilichofuata tunakijua, pamoja na ubaya wake: ajali, wodi zilizojaa vijana waliovunjika miguu, watu wanaopanda watatu bila helmeti. Kisichosemwa sana ni jinsi watu hawa walivyojipanga. Steji ina mwenyekiti na mweka hazina. Ina zamu, ina mchango wa mgonjwa, ina fundi anayetengeneza leo akilipwa Ijumaa. Plagi yako ikifa, mwenzako anakupa yake ya akiba, na hakuna anayeandika. Ukiuliza mtu wa Siku Sita za Varese, angekwambia huu ndio mchezo aliokuwa akicheza.

Na wana safari yao ya pamoja. Nimewahi kufuata moja, kutoka mochwari hadi nyumbani kwa marehemu, kama kilomita arobaini. Marehemu alikuwa wa boda. Steji yake yote ilitoka, na za jirani zikatoa watu. Matawi kwenye hendeli, taa zimewashwa mchana, honi. Wenye magari walikasirika, na sitasema walikosea, kwani barabara ilifungwa na baadhi ya vijana walikuwa wakiendesha kwa kusimama. Lakini baada ya mji kuisha honi zilipungua, na mwendo ukawa ule wa gari lililobeba jeneza, kilomita ishirini kwa saa, labda ishirini na tano. Nduthi haipendi mwendo huo. Injini inapata joto, klachi inalalamika, mkono unakufa ganzi.

Mahali fulani kabla ya daraja nduthi moja ikazima. Petroli. Waliokuwa mbele wakasimama, na gari la maiti likasimama pia. Kijana mmoja akachomoa mpira wa mafuta wa nduthi yake, akakinga chupa ya soda, ikajaa nusu, akampa mwenzake. Hakuna aliyesema neno. Tuliendelea. Tulipofika langoni, mwenyekiti alisimama kando akihesabu kwa kidole kila iliyoingia, na hakuingia yeye mwenyewe hadi ya mwisho ilipopita. Hakukuwa na saa wala kikombe. Nilichoona ni mtu akihakikisha kwamba waliotoka ndio waliofika, kasoro yule mmoja aliyekuwa ndani ya gari.

Nilimsimulia jamaa yangu habari hizi kwa vipande vipande, za Varese na za mchangani na za Bajaj, mpaka mvua ikawa manyunyu. Wenzetu wakaanza kuondoka. Yeye alikausha kiti kwa mkono wa jaketi, akapiga kiki, nduthi ikakohoa, akapiga tena ikawaka. Nikapanda nyuma.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "umesema zilitoka nne."

"Ndiyo."

"Zikafika mbili."

"Ndiyo."

"Sasa wale wengine," akasema, akiingiza giya, "ni nani aliwarudia?"