Njia ya Mkato na Fungamano la Vitufe

Mchanganyiko wa vitufe unaotoa amri, kama Ctrl na C, Kiswahili cha kompyuta kimeuzoea kama "njia ya mkato". Jina linaeleweka upesi: badala ya kuzunguka kwenye menyu, mtu anakatiza na kutokea kulekule. Kasoro imejificha kwenye hilo neno "kulekule". Anayekatiza porini hahofii kwamba kijiji anachokiendea kimehamishwa usiku. Mtumiaji wa kibodi ana sababu ya kuhofia, maana kitufe hakiendi popote mpaka programu ikifungamanishe na amri, na fungamano hilo linaweza kukosewa.

Chukua mfano wa Bafwasende, katika mkoa wa Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyo kwenye barabara ya kitaifa namba 4. Upande mmoja ni Kisangani, mji wa ofisi za Kifaransa na kibodi zenye mpangilio wa herufi wa AZERTY. Upande wa pili barabara inaelekea Beni na mpaka wa Uganda, nchi ya mpangilio wa QWERTY. Tuseme karani wa huko ana kompyuta yenye chapa za QWERTY, nayo imewekewa mpangilio wa AZERTY. Akiandika barua hapati shida, kwa kuwa vidole vyake vinazijua herufi zilipo. Lakini mkato hufundishwa kwa jina la herufi, kwa hiyo hapo huinamisha macho na kusoma chapa. Ameiandikia programu yake kwamba Ctrl na Q ihifadhi faili. Anabonyeza penye Q, mashine inasoma A, na maandishi yote yanachaguliwa. Herufi moja tu ikifuata, ukurasa umefutika. Akikimbilia Ctrl na Z ili atengue, penye Z mashine inasoma W, ambayo katika programu nyingi ni amri ya kufunga. (Bahati njema, programu huuliza kwanza kama ahifadhi.)

Fundi atasema Shift imekwama. Yawezekana, ila Shift huchagua kuanzia pale kielekezi kilipo hadi kinaposogezwa. Hati nzima ikichaguliwa kwa bonyezo moja, wa kushukiwa ni A.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaistilahi: "mkato" umeshaenea, ya nini kumtwisha msomaji neno jingine, "fungamano"? Ubaki kwenye menyu, ambako kazi yake ni kutaja faida. Anayetafuta hitilafu anahitaji jina la kitu chenye ncha mbili, ili aulize kila ncha: ni kitufe gani kimesomwa, na ni amri gani imeitika? Programu ya VS Code inaruhusu fungamano liandikwe kwa herufi au kwa mahali pa kitufe, na ukilieleza kama njia, tofauti hiyo haina pa kukaa. Karani wetu akiandika ctrl+[KeyQ] badala ya ctrl+q, mashine itatazama mahali, si herufi, na kitufe chenye chapa ya Q kitahifadhi faili kama alivyokusudia.