Motokari za Japani: maana ya taa, vijiti na ekrani mbele ya shofere

Motokari mingi za Lubumbashi zilitumika kwanza Japani. Mingi zinashukia bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Kule kote watu wanaendesha kushoto, volani iko kuume. Kongo watu wanaendesha kuume. Kwa hiyo vyombo vilivyotengenezwa kumusaidia shofere vinaweza kumudanganya.

Vijiti vya volani. Katika motokari ya Japani, kijiti cha taa za kukata kona kiko kuume. Katika motokari ya Ulaya kiko kushoto. Shofere aliyebadilisha motokari anataka kuonyesha kona, kumbe anawasha vyombo vya kupanguza kioo, na wa nyuma hajui kitu.

Taa za mbele. Zinainua mwangaza upande wa kushoto, ambako Japani ni pembeni ya barabara. Huku kushoto njo kunatokea wengine, na mwangaza unawapiga macho. Fundi anaweza kuzirekebisha ao kuweka zinazofaa.

Ekrani na sauti. Ramani yake ni ya Japani, haina Kenya wala Katuba. Ile sauti inayosema Kijapani motokari ikiwaka, mara mingi inaomba karata ya kulipia peaji za kule. Haisemi kama motere imeharibika.

Redio. FM ya Japani inaanzia 76 MHz, na aparei za zamani zinaishia 90. Stesheni za juu ya pale hazisikiki mpaka fundi aongeze kifaa ao kubadilisha redio.

Kamera ya kulinda mustari. Inasoma mistari iliyopakwa barabarani. Pale mistari imefutika, haisaidii; macho ya shofere yanabaki ya kwanza.

Rangi za taa. Hizi zinafanana karibu dunia nzima. Nyekundu ni hatari: fren, mafuta ya motere, joto ya maji, simama pahali pazuri. Ya manjano ni onyo: peleka garaji bila kukawia. Ya kijani ao bluu inaonyesha kwamba kitu kinatumika, kama taa kubwa.

Kabla ya kulipa motokari, fungua kontakti bila kuwasha motere. Taa za onyo zinapaswa kuonekana, kiisha kuzimika motere ikiwaka. Ile isiyoonekana hata kidogo, pengine imekatwa ili kuficha ubovu. Uliza fundi wako mbele ya kutoa feza.